Kweli au Si Kweli: Usukani na Injini ya Pikapu Kuukuu Kamuli

Msimu wa kahawa ukifunguliwa Kagera mwezi Mei, pikapu za Kamuli hazilali. Zinabeba magunia ya kahawa ya maganda kutoka mashambani hadi kwenye maghala ya vyama vya msingi, zinapeleka ndizi na maharage magulioni, na usiku ambao hakuna gari jingine ndizo zinazomkimbiza mgonjwa Isingiro au Nyakahanga. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na Kamuli ikaangukia wilaya mpya. Barabara zake nyingi bado ni za changarawe nyekundu: rasta na vumbi wakati wa kiangazi, utelezi na makorongo mvua ikinyesha.

Ninazozungumzia hapa ni Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990, zile za injini ya dizeli ya 2L, 3L au 5L, ingawa mengi yanahusu pikapu yoyote ya umri huo. Gari la namna hii linaweza kufanya kazi ya vilima vya Karagwe na Kyerwa kwa miaka mingi bado. Linaloliua mapema ni matengenezo ya kubahatisha. Mtu anauza magunia ya kahawa, fedha inaishia kwenye pampu ya dizeli isiyokuwa na kosa lolote, na tairodi iliyokwisha inaachwa palepale ilipo kwa sababu haikupiga kelele. Kauli zifuatazo nimezisikia gerejini, stendi na kwa wenye magari wenyewe. Baadhi ni kweli kwa nusu, na hizo ndizo zinazopotosha zaidi.

“Usukani ukicheza, kaza skrubu ya boksi”

Si kweli, na katika yote yaliyomo humu hili ndilo ninaloliogopa kuliko mengine.

Juu ya boksi la usukani kuna skrubu yenye nati ya kuifunga. Dereva akilalamika kwamba anazungusha usukani sehemu kubwa kabla magurudumu hayajaitika, fundi mwenye haraka analegeza ile nati, anakaza skrubu, na usukani unatulia hapohapo. Ndani ya boksi, skrubu hiyo imesogeza meno yakaribiane. Lakini meno hayaliki sawasawa. Yanalika zaidi katikati, kwa kuwa gari hutembea muda mwingi likiwa limenyooka. Ukikaza mpaka katikati paache kucheza, pembeni panabana. Utalijua hilo kwenye kona: unakata, unaachia, usukani haurudi wenyewe. Kwenye mteremko wenye kona mbili zinazofuatana na mzigo nyuma, usukani usiorudi ni ajali.

Na mara nyingi boksi lenyewe halikuwa na shida. Kati ya boksi na tairi kuna viungo kadhaa, na kila kimoja kinachangia mchezo wake kidogo. Kwenye Hilux zenye ekseli ngumu mbele na springi za majani, boksi linazungusha mkono mfupi, mkono unasukuma rodi hadi kwenye nako ya gurudumu, kisha tairodi inaunganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Kwenye zile zisizo na foo-wili viungo ni vingi zaidi, na upande wa pili wa boksi kuna mkono wa aidola ambao bushi yake hufa kimyakimya.

Kuchunguza hakuhitaji mashine. Gari lisimame mahali pagumu palipo sawa, tairi zikiwa zimekanyaga chini, zimewekewa mawe nyuma na mbele, breki ya mkono imevutwa. Kama lina pawa stelingi, injini iwake. Utingo akae kwenye usukani, auzungushe kushoto na kulia kiasi cha upana wa kiganja, bila kupumzika. Wewe jilaze kando ya tairi ya mbele, mahali unapoweza kufikisha mkono kwenye viungo. Weka kidole kimoja juu ya chuma kinachosukuma na kingine juu ya chuma kinachosukumwa, kamwe usiviingize katikati. Kiungo kikiwa kizima, vidole vyote viwili vinakwenda pamoja. Kikiwa kimekufa, kimoja kinatangulia na kingine kinafuata baadaye, na mara nyingi utasikia mgongano mdogo kwenye ncha ya kidole kabla hujauona kwa macho. Pita kiungo kwa kiungo, kutoka boksi hadi tairi ya upande wa pili. Ukimaliza, mwambie utingo aendelee, nawe tazama boksi lenyewe: likitikisika pamoja na usukani, boliti zake zimelegea. Na kabla ya kulaza gari usiku, osha tope lote kwenye chasisi pale boksi lilipofungwa, kisha angalia kwa tochi kama kuna mstari wa kutu unaotambaa kutoka kwenye tundu la boliti. Hapo ndipo chasisi za Hilux za ekseli ngumu hupasuka, na hakuna skrubu itakayoponya ufa.

Skrubu ya boksi ina kazi yake. Huguswa mwisho, viungo vyote vikishathibitishwa, nayo hukazwa kidogo sana, usukani ukijaribiwa kutoka mwisho hadi mwisho kila mara.

“Usukani ukitetemeka, funga shokapu mpya ya usukani”

Kweli kwa nusu, na nusu yenyewe ni ile ya kuficha ugonjwa. Gari la ekseli ngumu likipiga shimo kwenye mwendo wa kilomita 60 hivi, kisha usukani ukaanza kuruka mikononi mpaka upunguze mwendo, kuna kitu kimelegea. Shokapu mpya ya usukani itameza mtetemo huo kwa muda. Kilicholegea kitaendelea kulegea.

Piga jeki upande mmoja, weka stendi imara au gogo pana, kisha shika tairi juu na chini, uitikise. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki na uitikise tena. Mchezo ukitoweka, tatizo ni beringi za gurudumu, ambazo mara nyingi zinahitaji kuoshwa, kupakwa grisi na kukazwa upya. Mchezo ukibaki, ni beringi za nako kwenye ekseli ngumu, au boljointi kwenye gari la aina nyingine. Sasa shika kulia na kushoto. Ikicheza hivyo tu, rudi kwenye tairodi. Dakika chache za kazi hii zinampa fundi jibu ambalo kubadili spea moja baada ya nyingine kwa mwezi mzima kunaweza kushindwa kulitoa.

Mtetemo unaokuja kwenye mwendo fulani tu na kupotea ukizidisha, hapo ndipo uangalie balansi ya tairi, rimu iliyopinda, au tope lililokaukia ndani ya rimu. Hilo la tope watu wa Kamuli walipe uzito. Baada ya mvua, udongo mwekundu ukigandia upande mmoja wa rimu unatosha kutikisa gari zima.

“Gari likivuta upande mmoja, ni alaimenti”

Wakati mwingine. Kabla ya kulipa nauli ya dizeli kwenda mjini kutafuta mashine, pima upepo wa tairi zote asubuhi gari likiwa limepoa. Kisha badilisha nafasi za tairi za mbele, ya kulia iende kushoto. Gari likianza kuvuta upande mwingine, ugonjwa uko kwenye tairi. Halafu endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, simama, na usogeze kiganja karibu na rimu za mbele bila kuzigusa. Ya upande mmoja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, breki imeng’ang’ania, na hiyo ndiyo inayovuta gari na kula dizeli yako.

Alaimenti yenyewe kwenye ekseli ngumu ni jambo moja kubwa: umbali kati ya tairi mbili za mbele ukipimwa mbele na ukipimwa nyuma yake. Piga alama ya chaki katikati ya kila tairi, pima kwa futi kwa usawa wa katikati ya gurudumu, sukuma gari alama zigeuke nyuma, pima tena. Upande wa mbele unatakiwa kuwa pungufu kidogo kwa milimita chache tu. Ukikuta tofauti ya sentimita mbili, hujahitaji mashine kujua kwa nini tairi zinaisha upande mmoja. Jambo moja la kushikilia: usipime alaimenti ya gari lenye tairodi iliyokufa. Kipimo hicho kitabadilika kwenye rasta ya kwanza.

Ama usukani mzito, watu hulaumu pampu ya pawa stelingi haraka mno. Angalia upepo wa tairi, mkanda wa pampu na kiwango cha oili yake kwanza. Na usiushikilie usukani mwisho kabisa huku injini ikinguruma, kwani hapo pampu inajipika.

“Moshi mweusi maana yake nozeli zimekufa”

Kweli kwa nusu, na Kamuli ni chini ya nusu.

Moshi mweusi ni dizeli ambayo haikupata hewa ya kutosha kuungua yote. Kwa hiyo maswali ni mawili: dizeli imezidi, au hewa imepungua? Mafundi wengi wanalirukia la kwanza. Huku kwetu lianze la pili, kwa sababu ya mwinuko. Kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na vilima vingi vya Karagwe na Kyerwa vinafika huko, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 14. Injini za 2L, 3L na 5L za Hilux hizi kwa kawaida hazina tabo. Zinakula hewa zinayoweza kuivuta, basi. Pampu iliyopimwa Dar es Salaam ikatoa dizeli inayolingana na hewa ya pwani, ikipanda huku itatoa dizeli ileile kwa hewa pungufu. Nguvu inashuka na moshi unaongezeka, na hakuna kilichovunjika.

Hapa linakuja kosa kubwa. Dereva anaona gari halina nguvu mlimani, anamwambia fundi: “Niongezee dizeli kwenye pampu.” Fundi anageuza skrubu ya pampu, gari linapata nguvu kidogo, moshi unakuwa mzito, na joto ndani ya silinda linapanda kila gari linapopanda mlima likiwa na mzigo. Miezi kadhaa baadaye hedi imepasuka, na hakuna anayekumbuka ile skrubu. Anayeishi na gari lake huku juu amwombe fundi wa pampu aipime kwa mwinuko huu, yaani dizeli ipungue. Utapoteza nguvu kidogo na utabaki na injini.

Kabla ya yote hayo fungua eya kilina. Vumbi la kiangazi linaiziba ndani ya majuma machache, na injini iliyozibwa pua inatoa moshi mweusi hata nozeli zikiwa mpya. Itoe, itazame kwenye jua kutoka ndani: kama mwanga haupiti, jibu umelipata. Ukiipuliza kwa kompresa, upepo utoke ndani kwenda nje. Kagua pia bomba la mpira linaloleta hewa. Likiwa limechanika baada ya eya kilina, injini inameza vumbi tupu, na vumbi hilo linasaga pete na kuta za silinda mpaka mwisho.

Yakishaisha hayo, nozeli zinachunguzika bila kuzing’oa. Injini ikinguruma polepole, funika bomba kwa kitambaa, weka uso na mikono mbali, legeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja, sikiliza, kaza, nenda ya pili. Ukilegeza na mngurumo ukabadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, silinda hiyo ndiyo ya kufuatilia. Badili moja ambayo imethibitika mbovu badala ya nne kwa kukisia.

Moshi wa bluu ni habari nyingine: hiyo ni oili inayoungua.

“Huku hakuna baridi ya Ulaya, toa thamostati gari lisichemshe”

Si kweli, na wanaoisema wengi ni watu wazima wenye uzoefu, ndiyo maana imeenea hivi.

Thamostati inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Injini ya dizeli isiyofikia joto hilo inakula mafuta zaidi na inalika haraka. Zaidi ya hapo, thamostati nyingi za Toyota zina kisahani cha chini ambacho, injini ikipata moto, kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa thamostati umeiacha njia hiyo wazi daima. Sehemu ya maji inazunguka ndani kwa ndani ikiwa ya moto, na gari ulilotaka lisichemshe linachemka mlimani.

Kwa Kamuli kifaa cha kukitazama kwanza ni kifuniko cha rejeta. Maji kwenye mita 1,500 yanachemka kwa nyuzi 95 hivi, si 100. Kifuniko kizima chenye alama ya 0.9 kinashikilia shinikizo, na kiwango cha kuchemka kinapanda hadi karibu nyuzi 115. Kifuniko kilichokufa kinakurudisha kwenye 95, na hapo ndipo thamostati nyingi za Toyota zinapofunguka kikamilifu. Maana yake huna akiba yoyote. Mwenye gari anabadili rejeta, anabadili pampu ya maji, na raba ya kifuniko iliyokakamaa na kuchanika pembeni inarudishwa juu ya rejeta mpya. Injini ikiwa imepoa kabisa, kifungue, pitisha kidole kwenye raba yake, bonyeza springi. Raba ngumu, iliyopasuka au yenye alama ya kina, kinunuliwe kingine chenye namba ileile.

Baada ya hapo osha rejeta kwa nje, maji yatoke upande wa feni kwenda mbele, udongo na mbegu za majani zitoke. Kaza mkanda. Na maji ya kisima matupu yasiwe makazi ya kudumu ya injini: yanaleta kutu na magamba kwenye njia nyembamba. Tumia kulanti, uichanganye kama chupa inavyoelekeza.

Gari likichemka njiani, ondoa mguu kwenye mafuta, simama, acha injini ipoe yenyewe. Usifungue kifuniko. Usimwage maji ya baridi juu ya injini ya moto. Hedi ya 2L inajulikana kwa kupasuka ikichemshwa, na maji hayo ya baridi ndiyo humalizia kazi. Ukilijaza maji baadaye, washa na tazama ndani ya rejeta: mapovu yasiyokoma, au mabomba ya mpira yanayokuwa magumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha gari lililopoa, ni dalili ya gasketi ya hedi au ufa. Hapo lipeleke kwa fundi mwenye vifaa, wala usikubali kuambiwa “tia yai” au “tia dawa ya kuziba”.

“Injini isiyowaka asubuhi imechoka, ifanyiwe ovahoo”

Mara nyingi si kweli. Asubuhi za Karagwe zina baridi ya kutosha kusumbua injini hizi, kwa kuwa dizeli yake huwakia kwenye chumba kidogo cha pembeni kinachotegemea hita plagi. Piga stata huku mtu anatazama ekzosti. Moshi mweupe ukitoka na gari halishiki, dizeli inafika ila haiwaki: chunguza hita plagi. Fungua bamba linaloziunganisha, chukua taa ya majaribio iliyofungwa kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha kila plagi. Inayowasha taa ni nzima. Mbili zikifa kati ya nne, umepata ugonjwa wako.

Hakuna moshi wowote? Dizeli haifiki. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha jaribu tena. Likiwaka, usiku hewa inaingia mahali fulani na dizeli inarudi kwenye tangi: tazama vibana vya mabomba, mipira iliyochanika, raba za filta. Lisipowaka, fungua ufunguo na usikilize juu ya pampu ya dizeli. Panapaswa kulia “tik” ya ile solenoidi inayofungua mafuta. Pasipolia, fuata waya kabla hujafuata pampu.

Kuna kijana atakuletea kitambaa chenye petroli au kopo la dawa ya kuwashia akupulizie kwenye njia ya hewa. Mkatalie. Injini zenye hita plagi zinaweza kulipuka na mvuke huo, na pistoni hupasuka.

“Toyota ya zamani ina cheni, haina haja ya taimingi belti”

Inategemea injini, na kwa dizeli hizi si kweli. Injini ya petroli ya 22R ina cheni. 2L, 3L na 5L zina belti, na Toyota imeelekeza ibadilishwe kila kilomita 100,000. Ikikatika, valvu na pistoni hugongana, na tangu hapo unazungumzia hedi, si belti. Pikapu nyingi zina mita ya kilomita iliyokufa tangu mmiliki wa pili au wa tatu. Kama hujui belti ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa. Andika tarehe kwa rangi kwenye kifuniko chake.

“Oili ikiwa nyeusi imekwisha”

Si kweli kwa dizeli. Masizi yanaifanya iwe nyeusi siku chache baada ya kuibadili. Hesabu kilomita, 5,000 ni kipimo kizuri kwa kazi ya vumbi na milima, wala usihukumu kwa rangi. Rangi ya kukutisha ni ya maziwa: hayo ni maji ndani ya oili, na gari lisiwashwe tena.

“Mafuta ya taa kidogo husafisha nozeli”

Si kweli, na ni hasara. Pampu ya dizeli ya injini hizi inajilainisha kwa dizeli yenyewe. Haina oili nyingine. Mafuta ya taa ni mepesi, yanaondoa ulainisho huo, na pampu inalika kutoka ndani. Uchakachuaji wa namna hii uliisumbua nchi nzima kiasi kwamba mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake isimvutie mchanganyaji. Hata dizeli halali ikiuzwa kwenye madumu huja na maji na mchanga. Chini ya filta kuna kifungulio: kila mwezi kifungue kidogo juu ya kopo la kioo, acha itulie, tazama. Maji yanakaa chini na dizeli juu. Dakika tano hizo zinalinda kifaa ghali kuliko vyote chini ya boneti.

“Hilux haifi”

Sifa hii ina asili yake. Mwaka 2003 kipindi cha Top Gear cha BBC kilichukua Hilux ya dizeli ya mwaka 1988 iliyokwisha kutembea zaidi ya kilomita 300,000, kikaiacha imezwe na maji ya bahari, kikaichoma moto, kikaipandisha juu ya ghorofa lililobomolewa kwa baruti. Kila mara mafundi wakaiwasha tena kwa vifaa vya kawaida. Watu waliiona dunia nzima, na wenye Hilux huku kwetu wanaisimulia mpaka leo.

Injini ndiyo iliyojaribiwa pale, na chasisi. Hakuna aliyelishusha gari lile kilima cha Kyerwa mvua ikinyesha, gunia kumi na tano nyuma na watu wanne juu ya magunia, kwa tairodi yenye mchezo. Injini ikifa unasimama kando ya barabara, unapiga simu, unalala njiani. Tairodi ikichomoka, gurudumu moja linafuata njia yake na hakuna cha kufanya, si breki wala ustadi. Kwa hiyo kauli hii ni kweli kwa injini inayotunzwa, na ni uongo mtupu kwa viungo vya usukani, ambavyo vinakufa kwenye gari lolote.

Wenye pikapu Kamuli, Nkwenda, Kaisho na Murongo, nawaomba hivi: Aprili, kabla maghala ya kahawa hayajafunguliwa, jilazeni pembeni ya gari, utingo akiwa kwenye usukani, mguse kiungo kimoja kimoja. Angalieni kwamba kila nati ya tairodi ina kipini chake cha kuizuia isifunguke. Mkikuta nati isiyo na kipini, au kiungo ambacho kidole kimoja kinatangulia, gari lisibebe mtu wala mzigo mpaka kibadilishwe. Kama fedha iliyopo inatosha kitu kimoja tu, acheni nozeli, acheni rangi, acheni tairi za nyuma. Nunueni tairodi.